Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

Katika toleo lililopita la gazeti letu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano alituandikia habari ya mahandaki yanayopita chini ya maji katika miji yenye bandari. Akatoa shauri kwamba mji wa Mombasa nao ungefaa kupata handaki la namna hiyo pale Likoni. Niliisoma makala yake kwa furaha, maana ni jambo jema kijana kutazama mbali. Lakini nilipofika mwisho niliona kwamba alihesabu magari, malori na mabasi, wala hakumtaja hata mara moja mtu anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe. Basi naomba nafasi nimjibu kwa heshima. Sina ugomvi na handaki. Neno langu ni moja tu: handaki lisilo na njia ya waenda kwa miguu ni kazi nusu, na wakati wa kuidai njia hiyo ni kabla zege halijamwagwa.

Labda wengine watauliza, mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa Uganda tusio na bahari? Yatuhusu sana. Sehemu kubwa ya bidhaa zetu zitokazo ng'ambo hushushwa Kilindini, na watu wanaozishughulikia huko ni wengi, makarani kwa mahamali. Mimi mwenyewe, baada ya kutoka katika shule hii, nilifanya kazi ya ukarani Mombasa muda wa miaka mitatu, nikiandika karatasi za mizigo ya kuja huku kwetu. Nilipanga chumba Likoni kwa sababu kodi ya huko ilikuwa nafuu, na kila siku nilivuka kwa feri asubuhi na jioni. Kwa hiyo watu ninaowatetea nawajua.

Kwa wasiopajua, Mombasa ni kisiwa. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali, na upande wa magharibi kuna njia ya Makupa. Lakini upande wa kusini, penye mlango wa bandari, mtu atokaye Likoni kwenda mjini hana njia ila feri. Siku hizi mwenye gari aweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Huo ni mzunguko wa kilomita nyingi, na mwenda kwa miguu haumsaidii kitu. Jambo hilo lenyewe latufundisha: mwenye gari amekwisha kupata njia ya pili, na mwenye miguu yungali akingoja feri ile ile.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Husemwa kwamba kivuko cha Likoni hupitisha kadiri ya watu 300,000 kwa siku, na magari kadiri ya 6,000. Tuseme kila gari lina watu kumi ndani yake, ingawa magari mengi hayana hata watano. Hao ni watu 60,000. Waliobaki, 240,000, wamevuka kwa miguu. Basi mtu akiniambia kwamba atajenga njia ya kuvukia Likoni, kisha akanionyesha picha ya magari tu, nitamwuliza: Bwana, je, hao wengine umewaweka wapi?

Wala sisemi kwamba tubaki na feri siku zote. Hapana. Feri huharibika, na zikipungua watu husongamana pale mteremkoni mpaka mtu hawezi kuinua mkono. Juu ya hayo, maji hayana mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, karibu na Likoni, ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Hapo katikati lilijengwa pia daraja la kuelea la waenda kwa miguu huko Liwatoni, likafunguliwa mwaka 2021. Lakini daraja la namna hiyo hukaa juu ya maji, nalo lilibidi kufunguliwa kila meli ilipotaka kupita. Palipo na meli kubwa, njia ya kudumu ni mbili tu: kupita juu sana, au kupita chini.

Ndipo nataka kuwapeleka wasomaji katika mji wa Rotterdam, katika nchi ya Uholanzi. Nauchagua mji huo kwa sababu shida yake ilikuwa kama ya Mombasa. Mto Maas waukata mji vipande viwili. Mji wa zamani uko upande wa kaskazini, na upande wa kusini zilijengwa gati na nyumba nyingi za wafanyakazi. Kila siku makundi ya watu yalitaka kuvuka. Kulikuwa na madaraja, na kulikuwa na vivuko, lakini havikutosha. Kujenga daraja jingine upande wa kuelekea baharini kulikuwa kazi ngumu, kwa kuwa meli zenye milingoti mirefu zilipita hapo, na daraja lingalipasa kuinuliwa juu mno. Basi wakakata shauri kupita chini.

Kazi ilianza mwaka 1937. Namna walivyoifanya yafaa kusimuliwa, hasa kwa wanafunzi wa fizikia. Hawakutoboa ardhi chini ya mto kama panya atoboavyo. Walijenga vipande tisa vya handaki mahali pakavu, kila kimoja kama sanduku kubwa la zege, urefu wake mita 60 hivi na upana wake mita 25 hivi. Wakaziba ncha zake mbili ili maji yasiingie, kisha wakaacha maji yajae mahali pale. Sanduku likaelea. Mtaona ajabu zege kuelea, lakini ni kanuni ile ile ya Archimedes mliyofundishwa: kitu kikisukuma maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake, huelea, kiwe cha chuma au cha mawe. Wakavivuta vipande hivyo kwa mashua mpaka mahali pake, ambapo chini ya mto palikuwa pamechimbwa mfereji. Wakavizamisha kimoja kimoja kwa hadhari, wakasukuma mchanga chini yake ili vikae sawasawa, wakaviunga, wakavifukia. Meli ziliendelea kupita juu yake.

Handaki hilo, liitwalo Maastunnel, lilifunguliwa tarehe 14 Februari 1942. Hapakuwa na sherehe, maana wakati huo nchi ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, na katikati ya mji palikuwa pamebomolewa kwa mabomu mwezi wa Mei 1940. Lakini sikizeni jambo lililonifanya niandike. Ndani ya masanduku yale hawakuweka njia za magari tu. Waliweka njia mbili za magari, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kando yake, katika jengo lile lile, wakaweka njia nyingine mbili zilizopandana kama ghorofa: ya juu kwa wapanda baiskeli, ya chini kwa waenda kwa miguu. Njia hizo zina kuta zake, hazichanganyiki na magari hata kidogo.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu waliwatazama watu waliokuwako, si watu waliowatamani. Wafanyakazi wa Rotterdam wakati huo walikwenda kazini kwa baiskeli na kwa miguu. Magari yalikuwa ya wachache. Katika miaka ya mwanzo wapanda baiskeli waliopita humo walikuwa wengi kuliko magari. Je, mhandisi angalisema, "Tungoje mpaka kila mtu anunue gari," wangalipita wapi watu hao?

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Gari haliwezi kushuka ghafula. Lahitaji mteremko mrefu wa pole pole, ndiyo sababu njia ya magari katika Maastunnel ina urefu wa mita 1,070 chini ya ardhi, na bado miteremko ya nje. Lakini mtu aweza kushuka kwa ngazi pale pale ukingoni. Hivyo njia ya waenda kwa miguu ina urefu wa mita 585 tu, karibu nusu ya ile ya magari. Watu hushuka na kupanda kwa ngazi za mbao zinazokwenda zenyewe kwa umeme, na mwenye baiskeli huishika baiskeli yake kando. Kwa hiyo handaki humfaa mwenda kwa miguu kuliko daraja refu. Daraja la kupitisha meli kubwa chini yake sharti liinuke makumi ya mita, na mtu mwenye kapu kichwani aupande mlima huo juani, kisha aushuke upande wa pili. Handaki, likijengwa kwa akili, humpitisha kwa mwendo mfupi, kivulini.

Wala Rotterdam haukuwa wa kwanza. Mji wa Hamburg, ambao nao ni bandari, ulifungua handaki lake chini ya mto Elbe mwaka 1911. Upande mmoja walikaa watu, na upande wa pili vilikuwa viwanda vya kuunda meli. Maelfu ya wafanyakazi walivuka kila siku, na vivuko havikuweza kuwachukua wote. Handaki lile lina urefu wa mita 426, na mtu hushushwa kwa lifti au kwa ngazi kadiri ya mita 24. Lilijengwa kwanza kwa ajili ya wafanyakazi, na magari yalishushwa kwa lifti hizo hizo. Tusisahau pia gharama waliyolipa waliolichimba. Walifanya kazi ndani ya hewa iliyoshindiliwa ili maji yasiingie. Mamia yao waliugua ugonjwa utokanao na hewa hiyo, na wengine wakafa. Walikuwa wafanyakazi, na kazi yao iliwanufaisha wafanyakazi wenzao. Hata leo mwenda kwa miguu hupita humo bila kulipa.

Sasa tazameni miji iliyochagua njia nyingine. Huko New York, handaki liitwalo Holland Tunnel lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1927. Siku ya ufunguzi watu waliruhusiwa kuingia kwa miguu, wakatembea toka jimbo la New York mpaka jimbo la New Jersey wakistaajabu. Ilipofika jioni wakatolewa, usiku wa manane magari yakaanza kupita, na tangu siku hiyo handaki ni la magari. Mwenda kwa miguu alikuwa mgeni wa siku moja.

Mwandishi wetu wa kidato cha tano aliusifu sana mji wa Hong Kong, na kweli wastahili sifa. Handaki lake la kwanza la magari chini ya bandari lilifunguliwa mwaka 1972, lina urefu wa kilomita 1.86, na liliunganisha kisiwa na upande wa Kowloon, ambapo kabla ya hapo magari yalivuka kwa vivuko. Nalo halina njia ya miguu. Atasema, "Lakini watu hupanda mabasi yanayopita humo, na hawana shida." Hiyo ndiyo hoja kubwa ya upande wake, na sitaki kuipuuza. Mabasi ya Hong Kong ni mengi, hupita saa zote, na feri za zamani hazikuondolewa.

Hata hivyo basi lina nauli, na nauli si jambo dogo kwa mtu anayevuka mara mbili kila siku ya kazi. Hong Kong yenyewe yaweza kushuhudia. Mwaka 1966, kampuni ya feri ilipotaka kuongeza senti 5 katika nauli ya daraja la kwanza, watu walinung'unika, ukazuka upinzani, mwisho zikatokea ghasia mitaani usiku kadha wa kadha. Hapana shaka watu walikuwa na manung'uniko mengine ya siku nyingi. Lakini cheche iliyowasha moto ilikuwa nauli ya kuvuka maji. Huko Likoni mwenda kwa miguu huvuka bure. Ikiwa handaki litajengwa, na feri ikaondolewa, na mtu akaambiwa apande basi au asivuke, basi tutakuwa tumemtoza kodi mpya yule aliye maskini kuliko wote, na kodi hiyo tutaiita maendeleo.

Hoja ya pili ni gharama. Yasemwa kwamba njia ya miguu huongeza upana, na upana huongeza fedha. Ni kweli. Lakini njia ya miguu haihitaji kuwa na kimo cha lori, wala sakafu ya kubeba lori, na wale wa Rotterdam walipandisha moja juu ya nyingine ili kupunguza upana. Tena gharama ya kuiweka mwanzoni haifanani na gharama ya kuitafuta baadaye. Barabara ya juu yaweza kupanuliwa. Sanduku la zege lililozikwa chini ya bahari halipanuliwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Atakayesahau njia ya miguu siku ya kuchora ramani, atakuwa ameisahau kwa miaka mia.

Hoja ya tatu ni hatari. Watu husema: moshi, giza na wezi. Kuhusu moshi, ndiyo maana nasema njia iwe na ukuta wake. Moshi hutoka katika magari. Katika Maastunnel kuna majengo makubwa kwenye kingo zote mbili yenye mashine za kuingiza hewa safi na kutoa chafu, na njia za miguu haziguswi na moshi huo. Kuhusu giza na wezi, sina budi kukubali: njia ndefu ya chini ya ardhi isiyo na taa wala mlinzi ni pango tu, na mama mwenye akili hatampeleka mtoto wake humo. Basi mshahara wa walinzi na gharama ya taa zihesabiwe tangu mwanzo, kama zinavyohesabiwa taa za magari. Hakuna anayependekeza handaki la magari lisilo na taa. Kwa nini ya watu yawe na mashaka?

Tena si vema kuiga Rotterdam kama kasuku. Likoni ina watu wengi zaidi, nao huja kwa mkupuo, asubuhi kuelekea kisiwani na jioni kurudi. Kuna mikokoteni ya maji na ya matunda, kuna wenye mafungu ya samaki, kuna watoto wa shule, kuna vilema na wazee. Ngazi za umeme ni nzuri mpaka umeme ukatike. Basi njia yenyewe iwe pana. Pawe na mteremko wa kawaida ambao mkokoteni waweza kuupita, pawe na lifti kwa wasiojiweza, na ngazi za kawaida ziwepo siku zote. Hayo yote ni mambo ya vipimo, na vipimo ni kazi ya wahandisi. Lakini mhandisi hupima anachoagizwa kupima. Asipoambiwa kwamba kuna mzee mwenye fimbo, hatamwona katika karatasi zake.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa, ningesema mambo matatu. Kwanza, njia yo yote mpya ya kuvuka bandari, ikiwa ya juu au ya chini, iwe na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, iliyotengwa na magari. Pili, njia hiyo iwe bure, kama feri ilivyo bure kwao. Wenye magari wakitozwa ushuru ni haki. Gari ndilo linalohitaji upana na hewa ile yote. Tatu, feri zisiondolewe mpaka njia hiyo imetumika na watu wamekubali wenyewe kwamba yawatosha. Hong Kong walijenga handaki na feri zikaendelea. Hapana aibu katika jambo hilo.

Najua kuna watakaosema kwamba nawaza mambo ya kizamani, na kwamba watoto wa leo wote watakuwa na magari kesho. Nawatakia heri. Lakini hata mwenye gari hutembea: gari likiharibika, petroli ikipanda bei, au akizeeka na kuzuiwa na daktari. Na huko Uholanzi, nchi yenye magari mengi na mali nyingi, njia zile za mwaka 1942 hazikufungwa kwa kukosa watu. Wapanda baiskeli wangali wakishuka kwa ngazi zile zile za mbao. Handaki lile lilipofanyiwa matengenezo makubwa, kati ya mwaka 2017 na 2019, lilitengenezwa ili liendelee kuwafaa watu kwa miaka mingi tena.

Mwisho nasema na ninyi mlio darasani sasa, hasa mnaosoma hesabu na fizikia kwa bidii. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, na wengine mtakaa katika ofisi zinazotoa fedha. Huenda msijenge kitu chini ya bahari, lakini mtajenga barabara huku kwetu, madaraja juu ya mito yetu, na vituo vya mabasi. Siku ramani itakapoletwa mezani, na kila mtu anasifu jinsi magari yatakavyokwenda mbio, mmoja wenu na aulize swali dogo, bila haya: mwenda kwa miguu apite wapi? Asipopata jibu, asitie sahihi.